Manka, viatu lete, programu iache Dar

Manka mwanangu,

Marahaba mama. Sisi huku Moshi wazima, kuku wazima, baba yako goti lake linamsumbua ila ukimuuliza anasema ni hali ya hewa.

Sasa umeniuliza, mama nikija Krismasi niendelee na ile programu ya kwenye simu ya hafu marathoni ya Februari au niiache nikimbie hizo mbio zenu za wazee na kofia nyekundu, na ukaongezea eti hivi kwa nini klabu yenu mbio zote mnazirundika miezi ya baridi na sikukuu halafu miezi mingine kimya. Nilimsomea baba yako akasema mwambie apumzike ale, lakini baba yako jibu lake ni hilo hilo kwa kila swali tangu nimfahamu kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe, na kwa urefu, maana kwenye simu ukiwa kazini hunisikilizi, unasema ndio mama ndio mama.

Jibu langu: kimbia na sisi. Programu iweke pembeni wiki ile yote.

Nakueleza kwa nini. Hiyo programu imeandikwa na mtu ambaye hajui Mweka iko wapi, huku juu mlimani kwetu. Inakwambia tarehe 27 kimbia kilometa 16 polepole, sawa, za wapi? Za kwake ni za tambarare. Wewe Dar unakimbia usawa wa bahari, mwinuko mkubwa unaoupata ni kupanda daraja, labda mtoke mwende Pugu ambako najua hamwendi. Na hafu ya Kilimanjaro Marathon haiko hivyo kabisa, unaanzia pale Chuo cha Ushirika halafu kilometa kama 10 za kwanza unapanda tu kuelekea Mweka, unageuka, unarudi chini. Wale wa kilometa 42 wao wanaanza na barabara kuu ya kwenda Dar na kurudi, iko tambarare, halafu wakishachoka ndo wanapelekwa mlimani, hao nawaombea. Nimeziona hizo mbio tangu zilipoanza mwaka 2003 na kila mwaka ni yale yale, vijana wa Dar wanatoka pale kama wanakimbizwa, wakifika katikati ya mpando wameshika kiuno wanaangalia migomba.

Na sio hewa ya juu kama mnavyosemaga. Moshi mjini hatufiki hata mita 1,000, Arusha ndo wako juu, mita 1,400 hivi. Kinachowamaliza ni mpando wenyewe, mguu haujazoea.

Ila kupanda bado sio shida kubwa, shida ni kushuka, na hili hakuna mtu anakwambia. Ukipanda unahema sana lakini misuli inafanya kazi yake ya kawaida, ukishuka ile misuli ya mbele ya paja inakaza huku inavutwa, kila hatua, ndo inachanika vidogo vidogo ndani, siku ileile unajiona mzima, kesho yake kidogo, keshokutwa ndo huwezi kukaa chooni. Nimekaa wodini miaka mingi nikishika miguu ya watu naelewa ninachosema. Sasa uzuri wa mwili ni kwamba ukishaupitisha kwenye mshuko mara moja, hata ule mfupi tu, ukirudia baada ya wiki kadhaa hauumii kama mara ya kwanza, unakuwa umejifunza. Kutoka Krismasi mpaka mwisho wa Februari ni kama wiki 9. Kwa hiyo ukija ukapanda na kushuka na sisi mara mbili tatu kwenye sikukuu, halafu mwishoni mwa Januari ukatafuta mahali ushuke tena kidogo, hata hiyo Pugu, Februari mapaja yako yatakuwa yanajua kinachokuja. Programu haikupi hicho. Kilometa 16 za barabara ya Mwai Kibaki utazikuta tu ukirudi.

Haya, hilo la pili la kwa nini Julai na Desemba. Mama hebu angalia kalenda. Machi mpaka Mei ni masika, ule udongo wetu ukilowa unabeba kilo nzima kwenye kila kiatu na huko juu barabara za ndani zinateleza mtu anavunjika. Januari na Februari jua kali na kila mtu yuko kwenye mazoezi ya Kili hataki mbio nyingine. Septemba na Oktoba vumbi. Inabaki nini? Juni, Julai, Agosti ndo baridi, mawingu yanakaa mlimani wiki nzima huoni Kibo wala Mawenzi, asubuhi kuna kamvua kale ka ukungu, watu wamevaa masweta na kofia za kuziba masikio, na hapo ndo mwili unakimbia vizuri kuliko miezi yote maana haupotezi nguvu kujipoza. Wale wa Arusha wakishuka kukimbia na sisi Julai wanatucheka, wanasema hii mnaita baridi njooni Ngaramtoni saa 11 alfajiri. Waache wacheke, wanakuja kila mwaka.

Mbio zetu za baridi ni za nyika, tunapita msitu wa Rau na mashamba ya huko, hazihesabiwi kwa muda, zinahesabiwa kwa nafasi. Timu ina watu 6, nafasi za 4 wa kwanza zinajumlishwa, timu yenye jumla ndogo ndo imeshinda, kwa hiyo hata wewe uliyefika wa 20 ukimpita mmoja wa timu nyingine umeipunguzia timu yako namba. Hiyo raha yake huipati kwenye mbio za barabarani kila mtu na saa yake mkononi. Ila hizo ni za Julai, wewe hutakuwepo, niendelee na Desemba.

Desemba sababu ni watu tu. Si unajua Wachagga lazima turudi kuhesabiwa, basi na klabu nayo inahesabiwa. Mwaka mzima tuko wachache, wastaafu, walimu, madaktari wawili watatu wa KCMC na vijana wa bodaboda wanaokimbia kuliko wote, ikifika tarehe 22 hivi wanaanza kuingia wa Dar, Dodoma, Mwanza, watoto wetu na wakwe zetu, tunakuwa umati. Ukifanya mbio mwezi mwingine unakosa hao wote.

Ya tarehe 26 ndo kubwa. Nakueleza inavyokwenda maana mwaka juzi ulikuwepo ukalala. Tunaanzia Shanty Town asubuhi saa 12 na nusu, tunapanda kilometa 4 barabara ya Mweka, kuna mtu amesimama na beseni la ndizi anakupiga muhuri mkononi, unageuka unashuka. Kiingilio sio pesa, ni kilo ya mchele au sukari au sabuni, vinakwenda kwenye kituo cha watoto. Kofia nyekundu ya Krismasi lazima, asiye na kofia anafunga kitambaa chekundu. Mwaka mmoja mzee mmoja alikuja na khanga nyekundu ya mkewe, akakimbia nayo mpaka mwisho na akatupita.

Sasa kuanza hatuanzi pamoja. Kila mtu anaandikisha muda wake wa kilometa 8, mwenye muda mrefu anaanza kwanza. Mimi nakwenda dakika 8 kwa kilometa kwa hiyo 64, naanza wa kwanza pamoja na bibi yako mdogo wa Kibosho ambaye kwa kweli anatembea. Wewe ukisema dakika 6 kwa kilometa ni 48, unasubiri dakika 16 baada yangu. Kijana wa bodaboda wa dakika 4 kwa kilometa ni 32, anasubiri nusu saa na dakika 2 pale anaruka ruka kwa baridi anaangalia bibi zake wanavyopotea kwenye kona. Mahesabu yakiwa sawa wote tunafika kwa pamoja, na kweli ile kilometa ya mwisho ni vurugu tupu, kofia zinadondoka, watu wazima wanapigana vikumbo kwa ajili ya jogoo. Zawadi ni jogoo, mmoja tu, wa pili hapati kitu.

Shida ni wizi wa muda. Kuna watu, siwataji, wengine wanasali mbele kabisa kanisani, wanaandikisha dakika 60 wakati Novemba yote wamekimbia 52, ili waanze mapema wachukue jogoo. Siku hizi mwenye orodha anafuatilia mazoezi yako kwenye simu ya watu wengine kabla hajakubali. Mimi hizo mbio za kuanza tofauti nazipenda kuliko zote, maana ndo mahali pekee mtu wa umri wangu anakimbia akiwa mbele, anasikia hatua nyuma yake, na inabidi ajitahidi kwelikweli. Wewe ulinipigia Septemba 2025 Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo unapiga kelele mama umeona, amempita Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilometa 42, wote wameandikiwa saa 2:09:48. Medali ya dhahabu ya kwanza ya dunia ya riadha kwa Tanzania imepatikana mita ya mwisho. Basi sisi jogoo wetu anapatikana hivyo hivyo na kelele ni zile zile.

Tarehe 1 Januari sio mbio, ni kupanda taratibu tu na wengi wametoka mkesha, tunaongea, tunakunywa chai juu, tunarudi. Hiyo ndo mbadala wa kilometa zako 16, masaa utakayokaa kwa miguu ni yale yale. Tunakutana njiani na wazungu wanaoshuka geti la Mweka kwenye magari, wamechoka wana vumbi mpaka kwenye nyusi, wanatushangaa na kofia zetu.

Mambo machache ya kukuonya. Ukisafiri tarehe 23 utakaa kwenye basi siku nzima, foleni za Krismasi unazijua, miguu inavimba, kwa hiyo siku ya kufika tembea tu hapa mtaani usikimbie. Angalia na treni kama tiketi zipo, tangu ilivyorudi Desemba 2019 nasikia wengi wanaipenda, inachelewa lakini unanyoosha miguu. Pili barabara. Wiki ile usikimbie peke yako barabara kuu, si upande wa Himo si wa Bomang'ombe, madereva wamekuja na magari ya mjini wamekunywa kuanzia asubuhi, na bodaboda wamepakia mbuzi. Pita za juu, vaa reflekta, kimbia ukiangalia gari linalokuja. Na hizo spika za masikioni hapana.

Kuhusu kula baba yako yuko sahihi kwa sehemu. Kula mtori, kula nyama, ule mwili utautumia. Mbege onja kwa heshima ya baba mkubwa, tarehe 25 jioni, kikombe, usikae nao mpaka kibuyu kiishe, maana ile tamu tamu ya ndizi inadanganya, ulezi ndo unakuja kukukamata asubuhi kwenye mpando na mimi nitakuwa mbele sitarudi kukuokota. Maji kunywa tangu mchana.

Na usije na ile tabia ya kutazama saa kila baada ya mita 100. Kwenye mpando saa inakutukana tu. Panda kwa pumzi, ukishindwa kuongea sentensi moja punguza. Kwenye kushuka hatua fupi fupi, usijivute nyuma kukaa kwenye visigino, macho mbele. Ukiona kijana anakupita anaruka mwache, keshokutwa utamwona anavyoshuka ngazi za kanisa.

Viatu lete vile vya zamani vyenye meno, sio hivyo vyeupe vya sponji ulivyonunua mshahara wa Agosti, kipande cha juu cha njia kimelowa na vuli bado haijaisha. Sweta lete pia, Dar umesahau.

Mwenye orodha ananiuliza muda wako wa kilometa 8, anafunga Ijumaa. Nitumie kabla, na uandike wa kweli, maana mchumba wako alishaniambia mnavyokimbia Jumamosi.

Mama yako