Jeki Haiingii Chini ya Gari? Usikimbilie Tofali

SUALI: Assalaamu alaykum, fundi. Nipo Machomane, Chake Chake, na nina Toyota 86 iliyokuja kutoka Japani ikiwa tayari imewekwa springi fupi. Nataka kumwaga oili mwenyewe nyumbani, lakini jeki yangu ya magurudumu, ya tani 3, haipiti chini ya bampa. Jirani yangu ambaye ni fundi ananishauri ninyanyue ubavuni kwa jeki ya chupa (ile fupi inayosimama wima kama chupa), niweke matofali mawili, kisha niingie chini, kwa kuwa gari lenyewe ni jepesi. Je, inafaa?

JAWABU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Haifai, na nakuomba usijaribu hata mara moja. Kimo cha gari lako ni tatizo dogo kuliko unavyodhani. Ushauri wa jirani yako ndio wenye hatari, na kwa kuwa ushauri wa namna hiyo nausikia kila mara, Unguja na Pemba, nitaueleza kwa urefu zaidi.

Tuanze na kimo. Toyota 86 hutoka kiwandani ikiwa na nafasi ya milimita 130 hivi kutoka ardhini, na springi fupi huipunguza zaidi, ilhali jeki nyingi za kawaida za magurudumu huanzia kimo kama hicho hicho. Zipo jeki za chini zinazoanzia milimita 75 hadi 90, na ukiweza kuagiza moja, umemaliza. Usipoweza, chukua mbao mbili ngumu zenye unene wa inchi 2, pana kuliko tairi, uzilaze mbele ya magurudumu ya mbele na upandishe gari juu yake taratibu, huku mtu akikuangalia kutoka pembeni. Hapo utapata milimita 50 za ziada, na jeki itapita mpaka katikati, kwenye boriti ya chuma iliyo nyuma ya bampa, ambayo kitabu cha gari huionesha kwa mchoro hata kama maandishi yake ni ya Kijapani. Usinyanyulie kwenye sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini, kwani haikuundwa kubeba uzito. Kunyanyua katikati kuna faida nyengine kubwa: sehemu zilizoimarishwa chini ya milango hubaki wazi kwa ajili ya stendi, yaani vile viguu vya chuma vinavyolishikilia gari likishanyanyuliwa.

Sasa nirudi kwa jirani yako. Jeki ya chupa, hata iliyo ndogo, aghalabu ina kimo cha milimita 150 au zaidi ikiwa imeshuka kabisa, kwa hivyo haitaingia ubavuni mwa gari hilo. Najua atakachofanya: atachimba shimo mchangani aizamishe. Jeki yenye kitako chembamba, ikiwa imesimama ndani ya mchanga, huinama kadiri mzigo unavyoongezeka, na kichwa chake kidogo hukunja ule ukingo wa bati chini ya mlango. Hewa yetu ya bahari hula ukingo huo kwa kutu kutoka ndani, kwa hivyo bati linaloonekana zima kwa nje linaweza kupasuka ghafla na kuiacha jeki ipenye.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni tofali. Watu huona nyumba nzima imesimama juu ya matofali, wakahitimisha kwamba gari haliwezi kuyashinda. Ukutani, tofali hubeba uzito uliotandazwa juu ya uso wake wote, na limebanwa na saruji pande zote. Chini ya gari, uzito unashuka kwenye ukingo wa bati usiofika upana wa kidole. Saruji haipindi wala haitoi ishara ya kuchoka. Hupasuka mara moja, na aliye chini hapati nafasi ya kutoka. Jiwe la matumbawe lina matundu ndani na haliaminiki zaidi ya hapo. Gogo la mnazi, ambalo nimeona likitumiwa huko Pemba, ni gumu kwa nje lakini laini katikati, na likiwa halikukatwa sawasawa hubingirika. Anayekwambia kwamba amefanya hivyo miaka mingi bila kudhurika anakueleza habari za bahati yake, na bahati hiyo hawezi kukupa wewe.

Wapo pia wanaoacha tofali wakategemea jeki peke yake, kwa hoja kwamba jeki ni ya tani 3 na gari halifiki tani moja na nusu. Namba hiyo inaeleza uwezo wa jeki wa kunyanyua. Haina maana kwamba jeki itaushikilia mzigo huo saa nzima huku mtu amelala chini yake. Kinachozuia gari lisishuke ni mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda kwa vali ndogo na sili za mpira. Punje moja ya mchanga kwenye vali, au sili iliyokauka, inatosha kuyaachia. Isitoshe, mkono wa jeki ya magurudumu hupanda kwa kuzunguka, kwa hivyo jeki yenyewe lazima isogee kadiri gari linavyopanda. Magurudumu yake yakizama mchangani haisogei, na kichwa chake huteleza kutoka pale ulipokiweka. Ndiyo maana nasisitiza sakafu ya saruji iliyo sawa.

Ukishanyanyua, weka stendi mbili za chuma chini ya sehemu zile za milangoni, kila moja ikiwa na kipande cha mpira chenye mfereji wa kuupokea ukingo wa bati, kisha teremsha jeki polepole mpaka uzito ukae juu ya stendi. Sukuma gari kwa nguvu ukiwa pembeni, kabla ya kuingia. Stendi zenyewe zikague meno yanayoshikilia kimo chake na uchomeleaji, kwani mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani ililazimika kuwataka wateja wazirudishe stendi zake za tani 3 na tani 6 kwa kuwa meno yake yaliweza kuachia. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Na siku utakayonyanyua upande wa nyuma, kumbuka kwamba handibreki hufunga magurudumu ya nyuma tu, na yakiwa hewani haizuii chochote. Kabari za magurudumu ya mbele ndizo zitakazolishika gari.

Nawaambia vilevile wenye gereji, kwa sababu hili si la magari ya spoti peke yake. Kumtia mwanagenzi chini ya daladala iliyoegemea jeki na jiwe, kwa hoja kwamba kazi ni ya dakika tano, ni kuuweka rehani uhai wa mtoto wa mtu. Bei ya stendi mbili haifiki bei ya injini moja mnayoifungua kila siku, na mteja akiharakisha, mwambieni asubiri.

Kwako wewe, ndugu yangu, kama stendi hazipatikani Chake Chake, agiza Unguja ziletwe kwa boti. Mpaka zifike, peleka gari kwenye gereji yenye shimo la saruji, oili imwagwe huko, magurudumu yote manne yakiwa ardhini.