Maswali ya Wasomaji: Vyembe vya Kufunguka na Uwindaji wa Kulungu

SWALI: Ninawinda kulungu wa mkia mweupe nchini Marekani, nikikaa kwenye dungu lililofungwa juu ya mti, kiasi cha mita sita kutoka chini. Upinde wangu ni wa roda, yaani wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, na uzito wake wa kuvuta ni kilo 29. Mshale wangu pamoja na chembe chake una gramu 26, na kipimo kilionyesha kwamba hutoka kwa kasi ya mita 82 kwa sekunde. Kwa misimu minne nimetumia vyembe vya makali matatu yasiyosogea. Msimu uliopita nilimpiga dume nyuma ya bega, lakini damu iliyoanguka chini ilikuwa ya kuhesabika kwa matone, nami sikumpata hadi kesho yake, nyama ikiwa imekwisha kuharibika. Mwenzangu mmoja asema kwamba laiti ningetumia vyembe vya kufunguka, mnyama angeanguka machoni pangu. Mwingine asema vyembe hivyo ni mchezo na vitavunjika vikigusa mfupa. Nimsikilize yupi?

JIBU: Niondoe kwanza utata wa jina, kwa kuwa wapo wasomaji ambao kwao kulungu ni yule mnyama wa vichakani barani Afrika. Anayezungumziwa hapa ni kulungu wa Amerika, ambaye dume lake lililokomaa huwa na uzito wa kilo 60 hadi zaidi ya 100, na ambaye ngozi na mbavu zake si kizuizi kikubwa kwa mshale wenye makali. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu hoja nyingi za kuvipinga vyembe vya kufunguka zilitokana na uwindaji wa wanyama wazito kuliko yeye. Majaribio yaliyofanywa na mtafiti wa mishale Ed Ashby huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, ambayo hutajwa sana na wanaopendelea mishale mizito na vyembe vigumu visivyo na sehemu inayosogea, yaliwahusu pia wanyama wenye mifupa minene, na kanuni zake hazimwangukii kulungu kwa uzito uleule.

Mwenzako wa kwanza ana hoja ila ameitia chumvi, na wa pili anavikumbuka vyembe vya zamani. Chembe cha kufunguka huruka mabapa yake yakiwa yamelala ubavuni, yameshikwa na ringi ya mpira, kola ya plastiki au springi, nacho hufunguka kinapogonga mwili. Vile vya mwanzo vilikuwa na mabapa ambayo ncha zake zilielekea mbele, zikigusa ngozi hupinduliwa nyuma kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Kupinduka huko kulikula sehemu ya nguvu ya mshale, na pale ambapo mshale uliingia kwa mshazari mkali, bapa moja lilitangulia kugusa na kuusukuma mshale kando. Vyembe vya aina ya pili, ambavyo sasa hutumiwa na wengi, mabapa yake huteleza kurudi nyuma huku yakitanuka, kwa hiyo upotevu wa nguvu hupungua, na hukata tundu pana tangu kwenye ngozi ya upande wa kuingilia. Anayekwambia kwamba vyembe vya kufunguka ni vibaya, muulize kwanza ni vya aina gani alivyovitumia.

Faida yao ya kwanza haimo mwilini mwa mnyama bali angani. Mabapa yasiyofunguka ni mabawa madogo yaliyowekwa mbele ya mshale, na mabawa yaliyo mbele hushindana na manyoya yaliyo nyuma. Upinde ukiwa umepangwa sawasawa, manyoya hushinda na mshale hunyooka, lakini ukiwa na kasoro ndogo katika kiegemeo cha mshale, katika usawa wa roda au katika namna mkono unavyoukamata, mabawa ya mbele huikuza kasoro hiyo, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo mshale unavyokwenda kando. Chembe kilichojifunga hakina mabawa ya kutosha kuleta ugomvi huo, ndiyo maana hupiga karibu kabisa na pale vinapopiga vyembe vya mazoezi, vile vyenye ncha tupu bila mabapa. Nakiri kwamba sipendi neno hili ligeuzwe kuwa ruhusa ya uvivu. Upinde usiopangwa hupeleka mshale ukiyumba, na mshale unaoyumba hupoteza nguvu ya kupenya, hata ikiwa umepiga palepale ulipolengwa.

Faida ya pili ni upana, na hapa matangazo huwapotosha watu. Chembe cha kawaida kisichofunguka kina upana wa milimita 25 hadi 32, na cha kufunguka mara nyingi kina milimita 38 hadi 51, au zaidi. Tuseme chembe chako cha makali matatu kina upana wa milimita 28. Kila bapa hukata milimita 14 kutoka katikati, jumla 42. Chembe cha kufunguka cha mabapa mawili chenye upana wa milimita 50 hukata jumla ya 50. Tofauti ya urefu wa makali si kubwa kama namba zilizoandikwa kwenye pakiti zinavyodokeza. Kinachoongezeka ni umbali ambao makali yanaweza kuufikia kutoka kwenye mstari wa mshale, yaani milimita 25 badala ya 14. Umejinunulia milimita 11, na huo ni upana pungufu ya kidole. Zinaweza kutosha kuukata mshipa ambao ungeponea chupuchupu, lakini hazitoshi kuligeuza pigo la tumbo kuwa pigo la mapafu.

Hata hivyo, kumbukumbu za uwanjani zinaviunga mkono. Katika kituo cha jeshi la majini la Indian Head, jimboni Maryland, wawindaji wa upinde walitakiwa wapitie mafunzo na mtihani wa shabaha, na tangu 1989 kila kulungu aliyepigwa aliandikwa, apatikane asipatikane. Kumbukumbu hizo za zaidi ya miaka 20 zilionyesha kwamba waliopigwa kwa vyembe visivyofunguka walipatikana kwa takriban asilimia 82, na waliopigwa kwa vyembe vya kufunguka kwa takriban asilimia 91. Si jaribio la maabara, kwa kuwa kila mmoja alijichagulia chembe chake, na wala hatuwezi kudai kwamba tofauti yote imetokana na chuma peke yake. Lakini zinamfunga mdomo yeyote anayesema kwamba vyembe vya kufunguka huwapoteza wanyama kuliko vingine.

Sasa nirudi kwa dume wako, kwa sababu nadhani maelezo yako yanaficha chanzo cha tatizo. Umempiga kutoka juu, damu ikawa kidogo, na hukutaja tundu la kutokea. Mshale unaoingia sehemu ya juu ya kifua na kubaki ndani huacha tundu moja tu, nalo liko juu. Mnyama hutoka damu nyingi, ila inajaa ndani ya kifua kama maji katika mtungi uliotobolewa shingoni, na nje hudondoka tone hapa na tone pale mpaka kiwango cha damu kipande kufikia tundu. Dawa ya hali hiyo ni tundu la pili, upande wa pili, chini. Kwa hiyo swali lako la kwanza kabla ya kununua chembe chochote liwe hili: je, kitatoboa na kutokea? Chembe kipana kupita kiasi kinaweza kukuletea tatizo lilelile ulilonalo, kwa kuwa makali mapana hukabiliwa na upinzani mkubwa zaidi kila sentimita, na mshale husimama ndani.

Hesabu ya mshale wako inaleta matumaini. Gramu 26 kwa mita 82 kwa sekunde ni kiasi cha jouli 87 (jouli ni kipimo cha nishati), na hizo zinatosha vizuri kukifungua chembe na kumpitisha kulungu kifuani. Ningekuwa mimi, ningechagua chembe kinachoteleza nyuma, chenye mabapa mawili na upana wa milimita 38 hadi 44, nikawaachia wengine vile vya milimita 55 vinavyopendeza kwenye picha. Ningesubiri mnyama asimame ubavu, au ageukie mbele kidogo akinipa ubavu wa nyuma, na nisingefyatua anaponielekea. Kombe la bega lake ni jembamba katikati lakini lina ukingo mgumu, na mfupa unaolifuata chini ni mnene. Hapo chembe cha kufunguka huweza kupinda bapa au kusimama, na kwa hilo mwenzako wa pili hakukosea. Chembe kigumu kisichofunguka kina nafasi bora kidogo mfupani, lakini nacho husimama mara nyingi kuliko wapenzi wake wanavyokiri.

Usinunue pia kwa tamaa ya kupiga mbali. Katika mita 27 mshale wako hutumia theluthi moja ya sekunde kufika, ilhali sauti ya upote humfikia mnyama kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kulungu aliyeshtuka hukunja miguu ili ajirushe, mwili wake hushuka, na mshale uliolengwa katikati ya mapafu hupiga juu. Inawezekana kabisa kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa dume wako.

SWALI: Mimi ni mwanamke, nina upinde wa kilo 18 na mishale ya gramu 23 inayokwenda mita 60 hivi kwa sekunde. Mume wangu ameninunulia vyembe vya kufunguka kama vyake. Je, vinanifaa?

JIBU: Dada, mshukuru mumeo kwa nia yake, kisha umrudishie vyembe vyake. Mshale wako una kiasi cha jouli 41, chini ya nusu ya zile za msomaji aliyetangulia, na sehemu ya nguvu hiyo ingetumika kufungua mabapa kabla ya kazi yenyewe kuanza. Mimi hupendekeza vyembe vya kufunguka kwa mshale wenye jouli 60 na kuendelea. Kwako kinafaa chembe kisichofunguka cha mabapa mawili, chembamba, ambacho makali yake yanaanzia kwenye ncha kabisa, ili kianze kukata kinapogusa ngozi badala ya kuitoboa kwanza kwa nguvu. Kiwe na makali ya kunyolea. Kaa karibu, pengine mita 18, na kwa kifaa hicho kulungu aliyesimama ubavu atapenywa pande zote mbili. Wengi wamewinda kwa pinde nyepesi kwa namna hiyo muda mrefu kabla roda hazijabuniwa. Hakikisha tu kwamba jimbo lako linauruhusu upinde wa uzito huo, kwa kuwa baadhi yameweka kiwango cha chini.

SWALI: Chembe changu cha kufunguka kilitolewa mwilini mwa kulungu bapa moja likiwa limejifunga. Je, hakikufunguka?

JIBU: Huenda kilifunguka na kujifunga tena ulipouvuta mshale, maana mabapa mengi yako huru kabisa baada ya mpira au kola kukatika. Usihukumu kwa kukitazama chembe. Tazama tundu la ngozi na njia iliyokatwa ndani ya mapafu. Ikiwa mkato ni mwembamba mwanzo hadi mwisho, basi kweli kilikwama, na mara nyingi chanzo ni uchafu uliokauka, kutu kwenye ekseli ya bapa, au barafu iliyoganda humo asubuhi ya baridi.

Hitilafu ya kinyume chake naiogopa zaidi, yaani chembe kufunguka kabla ya wakati. Mpira uliokaa kwenye podo msimu mzima hukauka na kupasuka, na kijiti kimoja chembamba kikiugusa mshale njiani, bapa hutoka na mshale hupinda. Badilisha mipira kila msimu, kola ibadilishwe kila baada ya kutumika, na kabla ya kupanda dunguni yajaribu mabapa kwa uangalifu uone yanashika. Chembe kilichopita mwilini mwa mnyama kisirudi podoni mpaka mabapa yamebadilishwa au kunolewa. Fyatua pia angalau kimoja kwenye shabaha ya mazoezi, kwani vipo vyenye kifungio cha mazoezi kinachozuia mabapa yasifunguke. Kuamini maandishi ya pakiti kwamba kitapiga sawa na chembe cha mazoezi, bila kujaribu, ni kumfanyia mnyama bahati nasibu.

SWALI: Je, ninaweza kuvitumia kwenye upinde wa kufyatulia kama bunduki, na je, vinaruhusiwa kila mahali?

JIBU: Vinafaa, na pengine huko ndiko vinakofaa zaidi, kwa sababu pinde hizo hurusha mshale kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde, kasi ambayo vyembe vyenye mabawa wazi hutii kwa shida. Nunua vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya pinde hizo, kwa kuwa kishindo cha kufyatuka kinaweza kuyafungua mabapa yanayoshikwa na mpira mwepesi.

Kuhusu ruhusa, hapana. Majimbo mengi ya Marekani huvikubali na hutaka tu upana usiopungua inchi 7/8, yaani milimita 22, lakini Idaho kwa mfano ilivikataza kwa miaka mingi. Uingereza hairuhusu kabisa kulungu apigwe kwa mshale, uwe na chembe cha namna yoyote. Soma kanuni za msimu huu za mahali utakapowinda, si za mwaka jana, maana suala hili hubadilishwa mara kwa mara.