Mbona sarafu moja ya Afrika Mashariki haikuanza 2024?

Umeuliza iko wapi sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana tuliahidiwa 2024. Imesogezwa hadi 2031. Itifaki (mkataba) ya Umoja wa Fedha wa Jumuiya hiyo, iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, inataka nchi itimize masharti manne kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuingia: mfumuko wa bei usizidi 8%, nakisi ya bajeti (misaada ikihesabiwa) isizidi 3% ya pato la taifa, deni la umma lisizidi 50% ya pato hilo, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5.

Kwenye deni wengi hukosea hesabu. Ile 50% hupimwa kwa thamani ya sasa ya deni, yaani malipo yote ya baadaye yakipunguzwa hadi thamani yake ya leo, si jumla inayotangazwa magazetini. Mkopo wa riba nafuu wa miaka 40 huhesabika mdogo kuliko unavyoonekana. Kinachokwamisha zaidi, kwa maoni yangu, ni nakisi. Uviko ulipoingia 2020 mapato yalishuka, matumizi yakapanda, na ile miaka mitatu ikabidi ianze upya.

Si lazima wanachama wote wawe tayari, lakini. Watatu wakitimiza, wanaweza kuanza.