Bumu usilitie kwenye simu: uliyepangiwa jiolojia, nisikilize

Simu usinunue.

Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili niliinuka kitini. Umeandika umepangiwa jiolojia bara, na bumu la kwanza, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiingia utatafuta simu ya laki nane yenye dira na GPS ndani, maana daftari na penseli ni mambo ya wazee. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, kwa sauti kubwa, chini ya mwembe pale kwetu Wete, Pemba. Yalinila mwaka mzima wa chuo na karafuu za mama yangu.

Tulipelekwa fildi likizo ndefu ya mwaka wa tatu, upande wa Mpwapwa. Kila mtu kipande chake cha ardhi: atembee, asome miamba, mwisho atoe ramani na ripoti. Sasa sisi wa visiwani jiwe tunalolijua ni la matumbawe. Ukilitonesha asidi linatoka povu, ukilitazama unaona makombe ndani yake. Jiwe la juzi, miaka laki chache tu. Kule nikakutana na naisi za Usagara, miamba migumu yenye mistari mistari, umri wake karibu miaka bilioni 2, zimekunjwa na kukunjuka na kukunjwa tena. Hizo hazina kombe wala chaza wa kukusaidia. Habari yake yote imo kwenye mistari yake: inaelekea wapi, yaani straiki, na imelala nyuzi ngapi, yaani dipu. Ukikosea vipimo hivyo viwili huna ramani, una karatasi yenye rangi.

Basi mimi nikavipima kwa simu. Na simu yangu ilikuwa na kava la kukunja nililonunua Darajani, zuri, mfano wa ngozi, linajifunga lenyewe: tap! Hujajiuliza linajifunga kwa nini? Na mimi sikujiuliza. Sumaku, yakhe! Sumaku imelalia dira ya simu, na mimi nazunguka nayo milimani wiki nne. Mwamba mmoja, kava nikilifungua unasoma nyuzi 320, nikilikunja nyuma unasoma 35. Nikaona nimegundua mkunjo ambao hajawahi kuuona mtu. Nikauandikia kurasa tatu kwenye ripoti. Nilikuwa nimeshaanza kuutafutia jina.

La pili ni hiyo GPS. Ramani tulizopewa, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa datumu, yaani msingi wa kuhesabia mahali, ya Arc 1960. Simu usipoibadilisha inakusomea datumu nyengine, WGS84. Baina ya hizo mbili, kwa huku kwetu, kuna kama mita 300 za kaskazini na kusini. Kwenye karatasi ni milimita 6, utasema kidogo. Mimi nilikuwa na mto unaotoka mashariki kwenda magharibi, aina moja ya mwamba huku na nyengine kule. Nilipomaliza kuweka nukta zangu, miamba ya ng'ambo ilikuwa imeshavuka mto bila ya daraja.

Na hayo yote yangesameheka lau ningekuwa na daftari. Mwenye daftari ameandika: nimesimama chini ya mbuyu, mto uko kushoto, hatua 40. Akikosea anarudi kwenye mbuyu wake, anapima tena, yamekwisha. Mimi nilikuwa na picha 412. Hakuna hata moja yenye nyundo, sarafu wala kidole cha kulinganishia ukubwa, kwa hivyo hujui unatazama ukuta wa mlima au kokoto. Na polo la mawe 31 yasiyo na alama, kwa sababu kila siku nilijiambia nitaandika usiku. Usiku wa fildi, mdogo wangu, hauna kuandika. Una ugali, una miguu inayowaka moto, na una wenzako wanacheza karata.

Siku ya ukaguzi mwalimu akaja, akasimama pale pale nilipopima, akaweka dira yake juu ya mwamba. Akatazama karatasi yangu, akatazama mlima.

"Huu mlima wako umekunywa nini?"

Waliocheka siku ile wanacheka mpaka leo. Mmoja wao kila akinipigia simu huanza na hilo badala ya salamu. Kisha mwalimu akatia mkono kwenye polo, akatoa jiwe. "Hili la wapi?" Nikasema la kule. "Kule wapi?" Nikaonesha kwa mkono, na mkono wenyewe ukaonesha pahala pawili.

Nikaanguka. Na kuanguka fildi si kama kuanguka hesabu ukafanya sapu, mtihani wa marudio. Fildi kwetu ilikuwa mara moja kwa mwaka. Ukiikosa unakaa unawatazama wenzako wanavaa majoho, na mkopo wangu mimi ulisimama hapo hapo. Mama akauza karafuu alizokuwa akiziweka kwa ajili ya kuezekea nyumba. Bati zile nimekuja kuzipiga mwaka juzi, na mvua ikinyesha juu yake huwa silali.

Aliyenidanganya simsamehe. Alikuwa kaka mmoja aliyetutangulia chuoni, tukimwita Injinia na hakuwa injinia. Alinambia kwa macho makavu kwamba daftari yeye hakuwahi kulifungua na kamaliza salama salimini. Baadaye nikaja kujua ni kweli hakulifungua: alinakili la mwenzake! Na unajua leo anafanya kazi gani? Anauza simu. Siongezi neno.

Mimi sina ushauri mwingi, nina huu mmoja: jiwe lisitoke lilipo kabla halijaandikwa. Unafika, unasimama, unaandika namba ya kituo, unachora, hata mchoro ukiwa mbaya kama wangu, unapima, unaandika vipimo. Ndipo nyundo. Likishavunjika, namba juu ya jiwe kwa makapeni na namba hiyo hiyo juu ya mfuko, mana mfuko huchanika. Na iwe penseli. Wino ukirowa unakimbia. Unapopima, nyundo iweke mbali, chuma nacho huivuta dira. Simu ikae mkobani, umpigie mama. Ukitaka pa kutia hela, nunua daftari la jalada gumu, lensi ya kukuza mara 10, kofia, na viatu vya maana. Dira ya Brunton, ile ya wanajiolojia, ni ghali, uliza kwanza kama chuo kinaazimisha.

Umeuliza pia uchukue upande wa mafuta kwa kuwa Pemba yatachimbwa. Kampuni ya RAK Gas walitia saini mkataba wa kitalu cha Pemba na Unguja 2018. Kabla yao BP na Shell walishatoboa visima huku miaka ya 1950 na 1960, babu yangu akiwa kijana mwenye meno yote. Sasa pima subira yako. Kazi niliyoipata mimi ni ya maji. Unguja maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari humo humo ndani ya matumbawe: kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini yake, na mchimbaji mwenye pupa hushuka mpaka akapampu chumvi. Mimi hukaa pembeni ya mashine, na kila ikishuka mita moja nachukua ungaunga wa jiwe unaotoka, naukosha, nautazama, naandika. Juzi kijana wa mazoezi kanambia yeye atapiga picha tu, ataandika usiku. Nilimnyang'anya simu mpaka Alasiri.

Uliyouliza ya hosteli na ya kombi ya PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) waulize waliopo chuoni hivi sasa, mimi yangu ya zamani.

Lile kava bado ninalo. Linabana risiti za umeme kwenye friji, na halijawahi kuachia hata moja.