Maswali ya Wasomaji: Safari ya Miguu Juu ya Majabali ya Pwani

SWALI: Habari za kazi, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, nina umri wa miaka 52. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi huko Cardiff, nchini Wales, amenialika nimtembelee mwezi Juni mwakani, na anataka twende kwa miguu siku sita katika njia ya pwani ya Pembrokeshire, tukianzia St Dogmaels na kuelekea kusini. Amepanga tutembee kilomita 25 kila siku, kwa kuwa anasema hakuna mlima wowote njiani. Sina maradhi yoyote na nimezoea kutembea, lakini sijawahi kwenda kwa miguu mchana kutwa kwa siku mfululizo, na tena mahali pa juu hunitia kizunguzungu. Je, nitaiweza safari hii? — Mwalimu, Nyegezi

JIBU: Nzuri, Mwalimu, na hongera kwa kupata ndugu anayekukumbuka. Safari utaiweza, ila ratiba ya mdogo wako ndiyo isiyofaa, na ninakuomba umwandikie mapema aibadilishe kabla hajalipia malazi.

Ni kweli kwamba hakuna mlima. Njia ile, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1970, ina urefu wa kilomita 299 kutoka St Dogmaels hadi Amroth, na mahali pake pa juu kabisa ni mita 175 tu kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, ukijumlisha kila kipande cha kupanda kutoka mwanzo hadi mwisho, unapata zaidi ya mita 10,000. Sababu yake ni vijito. Kila kijito kinachoshuka baharini kimelichimba jabali na kuacha bonde, kwa hiyo njia hushuka hadi kwenye hori dogo la mchanga au kokoto, huvuka maji kwa daraja la mbao, kisha hupanda tena upande wa pili, pengine kwa ngazi zilizochongwa ardhini, na mtu akishafika juu na kuvuta pumzi huliona bonde jingine mbele yake. Mtembeaji anayekwenda kilomita tano kwa saa katika barabara ya Nyegezi atakwenda tatu au pungufu kule. Kilomita 25 kwa mwendo huo ni saa tisa au kumi za kutembea, bila kuhesabu muda wa kula wala wa kutazama bahari, na sioni faida ya kusafiri mbali kiasi hicho halafu ukaipita bahari ukiwa umeinamisha kichwa kwa uchovu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitarajii. Kupanda hutoa jasho, lakini kinachoumiza ni kushuka, kwa sababu misuli ya mapaja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili huku yenyewe ikinyooshwa. Maumivu yake hayaji siku ile ile. Huja kesho yake na keshokutwa. Bahati mbaya, kipande cha kwanza mlichokichagua, kutoka St Dogmaels hadi Newport, chenye takriban kilomita 25, ndicho ambacho wengi hukitaja kuwa kigumu kuliko vyote, na katikati yake karibu hakuna mahali pa kununua chakula. Kukimaliza chote siku ya kwanza ni kujitafutia siku tano za kuchechemea.

Ningeshauri mgao huu. Siku ya kwanza ishieni ghuba ya Ceibwr, mlale kijiji cha jirani au mrudi mlikolala kwa teksi mliyoiagiza; siku ya pili malizieni hadi Newport; ya tatu nendeni Fishguard, safari ya kilomita kama 20 lakini yenye mji mbele yake; ya nne Pwll Deri; ya tano Trefin; na ya sita Whitesands, ambako mji wa St Davids uko karibu kwa barabara. Jumla yake ni karibu kilomita 100, nazo zinatosha kabisa. Majira ya joto kuna mabasi madogo yanayopita vijiji vya pwani hiyo, na vijijini dereva husimama ukimpungia mkono mahali palipo salama, kwa hiyo siku mtakayochoka mnaweza kukatisha safari bila aibu yoyote. Ratiba ya mabasi hubadilika kulingana na msimu na siku ya wiki, basi mdogo wako aithibitishe mwenyewe, asitegemee kumbukumbu za rafiki.

Kuhusu kizunguzungu: njia haina uzio upande wa bahari, na katika sehemu kadhaa hupita karibu na ukingo. Sehemu kubwa, hata hivyo, ni njia ya udongo inayoonekana vizuri, yenye nyasi na vichaka kati yako na jabali, na ina vibao vyenye alama ya tunda la mwaloni (mti wa Ulaya uitwao oak) vinavyokuonyesha pa kufuata. Mwambie mdogo wako atembee upande wa bahari nawe utembee upande wa bara, macho yako yakiwa hatua kadhaa mbele. La muhimu zaidi ni kutosogelea ukingo kwa ajili ya picha. Mawimbi hula jabali kutoka chini, na nyasi unazozikanyaga huenda zimebaki zikining'inia juu ya hewa tupu. Upepo nao una nguvu ya ghafla, hasa mtu anapotokeza kwenye rasi baada ya kukingwa na kilima. Likitokea jambo, namba ya dharura ni 999, na mpigaji aombe walinzi wa pwani.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo moja ambalo hatukulelewa nalo, nalo ni kupwa na kujaa kwa maji. Ziwa Victoria hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, kwa hiyo mtu wa Mwanza hukaa ufukweni mchana kutwa bila wasiwasi. Pembrokeshire bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kule Milford Haven, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa huzidi mita sita. Kufikia alasiri, ufuo mpana mlioshukia asubuhi chini ya jabali unaweza kuwa hauna pa kutokea. Kipande chenu hakiwalazimishi kutembea chini, lakini mkivutiwa kushuka, tazameni kwanza jedwali la maji la siku hiyo. Wanaokwenda kusini zaidi, karibu na Dale, hukuta vivuko viwili, The Gann na Sandy Haven, ambavyo hupitika kwa miguu maji yakiwa yamepwa tu. Aliyechelewa huzunguka kwa barabara kilomita kadhaa.

Maandalizi yako yaanze miezi mitatu kabla, nawe una bahati ya kuishi katika jiji lililojengwa juu ya miamba. Kilima cha Capri Point, miinuko ya Isamilo na ile ya Bugando inakutosha. Panda na kushuka mara mbili kwa wiki, alfajiri kabla jua halijakali, na mteremko uushuke polepole kuliko ulivyopanda, kwa kuwa huko ndiko mapaja yanakofundishwa. Baada ya mwezi mmoja, anza kutembea Jumamosi na Jumapili mfululizo, ukibeba begi lenye chupa za maji, ili mwili uzoee kuamka ukiwa bado umechoka na kuendelea. Wiki ya mwisho kabla ya safari upumzike. Kwa umri wetu, kupima shinikizo la damu kabla ya kuanza mazoezi ni jambo la busara.

Kwa mavazi, usiende na suruali ya jinzi, kwa sababu ikilowa huwa nzito na haikauki, wala mwavuli, kwa kuwa upepo wa majabalini utauvunja siku ya kwanza. Mwezi Juni joto la mchana huko mara nyingi ni nyuzi 15 hadi 18, hivyo vaa nguo nyepesi kadhaa unazoweza kuzivua na kuzivaa, na juu yake koti lisilopitisha maji. Kitakachokufurahisha ni mwanga: jua huzama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hamna haja ya kukimbizana. Nikiwa mahali pako ningeongeza siku moja baada ya safari, nikaenda Martin's Haven kupanda mashua ya kisiwa cha Skomer, ambako mwezi huo ndege wa bahari wenye midomo ya rangi, waitwao puffin, bado wanalea makinda katika mashimo ya ardhini. Nafasi huwekwa mapema.

SWALI: Mhariri, sisi ni vijana wanne wa Bwiru. Nauli ya Ulaya hatuna. Je, tunaweza kufanya safari kama hiyo kandokando ya ziwa letu? — Msomaji, Ilemela

JIBU: Mnaweza, vijana wangu, ingawa hakuna njia moja iliyowekewa alama kama ile ya Wales. Mimi ningewapeleka Ukerewe kwa siku tatu au nne, katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Mnafika Nansio kwa meli kutoka Mwanza, au kwa barabara ya Bunda hadi Kisorya na kivuko cha kwenda Rugezi. Kutoka hapo barabara za vumbi hupita kati ya mashamba ya mihogo, vijiji na mialo ya wavuvi, na ziwa halipotei machoni kwa muda mrefu. Kila kijiji mtakachotaka kulala, jitambulisheni kwanza kwa mwenyekiti. Ni adabu, na pia ni ulinzi wenu.

Mambo matatu nayasema kwa uzito. Msiingie majini kwa miguu mitupu wala kuoga ziwani hata maji yakionekana safi, kwa sababu vijidudu vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi kwa dakika chache. Ondokeni kwenye matete kabla ya magharibi, maana viboko hutoka kwenda malishoni wakati huo. Na mkitaka kuvuka kwenda Ukara, msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, wala kisicho na maboya ya kujiokolea. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara kikiwa kimejaza abiria kuliko uwezo wake, na watu zaidi ya 200 walifariki. Kusubiri chombo kinachofuata, hata kama ni kesho yake, ni sehemu halali ya safari.

SWALI: Buti za kupandia milima za dukani ni ghali. Je, za mtumba zinafaa? — Mama Neema, Igoma

JIBU: Zinafaa sana, Mama Neema, na pale Mlango Mmoja mwenye subira hupata buti nzuri, lakini usidanganywe na ngozi inayong'aa. Baadhi ya buti hizi zina tabaka la povu kati ya soli na ngozi, na povu hilo huoza kwa unyevu na miaka hata kama buti halijavaliwa. Ligeuze, kisha ubonyeze kwa nguvu kwa kidole gumba ubavuni, juu kidogo ya soli, upande wa kisigino. Likiwa zima, litabonyea na kurudi. Likipasuka nyufa ndogo au likitoa ungaunga, liache, kwa kuwa soli itabanduka yote katika mteremko wa kwanza. Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nzito, na uhakikishe vidole havigusi mbele unapojifanya unashuka ngazi. Kucha nyingi hung'oka kwa kukosa nafasi hiyo ndogo ya mbele. Ukishalipata, livae nyumbani na sokoni kwa wiki kadhaa kabla ya kulipandisha kilimani.