MASWALI YENU: Baiskeli zipite wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi nauza maziwa, natoka Uyole napeleka Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa baiskeli, madumu mawili kwenye keria. Barabara kuu ndo fupi lakini siipiti, naingia mitaa ya ndani hata kama nazunguka, mke wangu anasema napoteza muda. Sasa hizi njia za baiskeli zinazoongelewa, wakija kuchora wataziweka wapi, na sisi tutaulizwa?
Msomaji, Uyole

JIBU: Kaka, mwambie shemeji hupotezi muda kabisa. Ile barabara ndo inabeba malori ya mpakani Tunduma, fuso, mabasi, daladala zinazochomoka kituoni bila kuangalia nyuma, na wewe una maziwa ambayo yakimwagika siku imeisha, kwa hiyo kuzunguka ni hesabu nzuri tu. Na hauko peke yako. Kule Portland, Marekani, watafiti waliwafungia waendesha baiskeli 164 vifaa vya GPS wakaona wanapita wapi kweli, matokeo yakachapishwa 2012, ikaonekana watu wako tayari kwenda mbali zaidi ili wakwepe magari mengi, milima, kona nyingi na makutano ya magari mengi yasiyo na taa. Alafu kuna hili ambalo natamani kila injinia wetu alisikie: njia ya baiskeli ya mstari wa rangi tu pembeni ya barabara yenye magari mengi haukuwavuta watu kuliko mtaa uliotulia, ulifidia tu ile kero ya magari basi.

Kwa hiyo wakichora barabara kuu peke yake watakuwa wamekusahau wewe. Sisemi barabara kuu iachwe, soko liko pale na maduka yako pale, ila pale baiskeli inatakiwa njia yake yenyewe iliyotengwa kwa ukingo, sio rangi. Na mitaa ya ndani iunganishwe. Hapo ndo penye shida yenyewe, yani unanyonga vizuri kabisa mtaani alafu unakutana na mtaro hauna hata kidaraja, unarudishwa barabarani katikati ya malori kwa kipande kifupi, na hicho kipande kifupi ndo kinamfanya mama mwenye mtoto aseme baiskeli basi. Barabara kuu iko chini ya wakala mmoja wa serikali, TANROADS, za mitaa ziko kwa mwingine, TARURA, sasa pale zinapokutana wasipokaa meza moja njia itakatika tu.

Kuulizwa msisubiri. Wewe na wenzako wa maziwa na wa mkaa chukueni karatasi, choreni mnapopita, wekeni alama kila mnaposhuka kukokota, mpeleke kwenye mkutano wa mtaa. Mchoro huo hakuna ofisi inao.

SWALI: Shikamoo dada. Huku kwetu Iringa kutoka Ipogolo mpaka mjini ni mlima mtupu, njia ya baiskeli itasaidia nini?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mlima ni kazi kweli, mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 maana yake unajinyanyua wewe, baiskeli na mzigo wote mita 5 juu, na baiskeli ya Phoenix haina gia. Hata wale wa Portland mwinuko wa mita 2 tu kwa mita 100 ulishaanza kuwafanya wazunguke. Ila mlima ndo unahitaji njia zaidi, sababu anayepanda anaenda polepole, anayumba, na lori liko nyuma yake linapiga honi. Nafasi ikiwa finyu mi ningeanza na upande wa kupanda, uwe mpana wa kutosha mtu ashuke akokote bila kuingia kwenye lami ya magari, anayeteremka tayari ana kasi, yeye cha kwanza akague breki.