Kukanusha kwa Kihispania unapoeleza ubaguzi uliokupata

Msomaji anayeishi Uhispania ameuliza atumieje maneno ya kukanusha akienda polisi kuripoti ubaguzi wa rangi. Tunaanza na kosa la hatari zaidi, nalo ni jibu la swali lenye "no" ndani yake. Askari akiuliza «¿No le pegó?» ("hakukupiga?"), mzungumzaji wa Kiswahili ambaye hakupigwa anaweza kujibu «Sí», akikusudia "ndiyo, hakunipiga". Kwa Kihispania ameshasema kwamba alipigwa, na hivyo ndivyo itakavyoandikwa. Jibu kwa sentensi nzima: «No, no me pegó, pero me insultó» ("hapana, hakunipiga, lakini alinitukana"). Kama alikupiga: «Sí, me pegó».

Halafu kuna "yeyote" na "chochote". Kwetu ni "sikufanya chochote", basi mtu husema «no hice algo», na askari anaelewa kuna jambo fulani hukulifanya. Sema «no hice nada». Vivyo hivyo "wote hawakunisaidia" isigeuke «todos no me ayudaron», maana inaweza kusikika kana kwamba baadhi walisaidia. Sema «nadie me ayudó». Nadie (hakuna mtu), nada (hakuna kitu) na nunca (kamwe) zikitangulia kitenzi, "no" huondoka. Zikija baada yake, "no" lazima iwepo mbele: «no me ayudó nadie». Baada ya "sin" (bila) hakuna "no" tena: «me pararon sin ninguna razón» ("walinisimamisha bila sababu yoyote").

Nunca itumie kwa uangalifu mkubwa. «En ese bar nunca me atienden» ("katika baa ile hawanihudumii kamwe") inabomoka ikiwa uliwahi kuhudumiwa hata mara moja. «El sábado no me atendieron» ("Jumamosi hawakunihudumia") inasimama.

Kwa aliyenyimwa chumba cha kupanga, silaha ni "ya no" (si tena): «Por teléfono había habitación; al verme, ya no» ("kwenye simu chumba kilikuwepo; waliponiona, hakipo tena"). Sentensi hiyo ina uzito kuliko kumwita mwenye nyumba racista, kwa sababu inaonyesha kilichobadilika baada ya kukuona. Kama rafiki yako wa kike naye alinyimwa, ni «a ella tampoco» ("yeye pia hapana"), kamwe si «también no». Wakidai ulikuwa utani: «No fue una broma, sino un insulto» ("haukuwa utani, bali tusi"). Hapo "pero" (lakini) haifai.

Ukiona maneno yanakuzidi, usijikaze. Sema «No entiendo bien, necesito un intérprete» ("sielewi vizuri, nahitaji mkalimani"). Sheria 4/2015 ya Uhispania inampa mwathirika wa uhalifu mkalimani bila malipo. Usitie saini kabla hujasomewa maelezo yote kwa lugha unayoielewa.